Hesabu ya Mama Kengele

Jina la Mama Kengele hakupewa na wazazi wake, wala mwenyewe hakulipenda. Alibandikwa mwezi uliopita na wageni waliotolewa kwenye mahema wakiwa na povu la sabuni masikioni, wakapandishwa kilimani mbio mbio, wakakaa juani saa mbili nzima wakisubiri mafuriko ambayo hayakuja. Walipoondoka wakamwachia jina hilo, na juu yake barua ndefu kwa ofisi ya misitu. Barua ndiyo iliyouma. Jina alilizoea, na siku hizi hata mume wake alimwita hivyo akitaka kumchokoza.

Kazi yake ilikuwa kutunza kambi ya kando ya mto. Usije ukadhani ni kambi ya kujivunia. Ni uwanja uliofyekwa katikati ya msitu, una nafasi za mahema kumi na mbili, vyoo viwili vya shimo, bomba moja linalokohoa kwanza ndipo litoe maji, majiko matatu ya mawe na banda la bati la kukimbilia mvua. Umeme hakuna. Mtandao wa simu nao hakuna, mpaka upande ngazi za udongo hadi kilimani, ukasimame juu ya kisiki kimoja na kuinua shingo. Wageni walikuja kwa ajili ya maji na miti, na kila aliyekuja alilalamikia choo. Nyumba ya mtunzaji, vyumba viwili na kibaraza, ilikuwa palepale chini, hatua thelathini tu kutoka mtoni, kwa sababu aliyeijenga hakutaka kujichosha kubeba ndoo.

Humo aliishi na mumewe. Mumewe ndiye aliyekuwa mtunzaji kwa miaka kumi na tisa, mpaka mwaka jana kiharusi kilipompiga upande wa kushoto. Mkono ukawa wa kuning'inia tu, mguu wa kuburuza, na sauti, ambayo zamani ilimfukuza nyani aliye ng'ambo ya pili, ikabaki ndogo kama ya mtu anayezungumza na mto wa kitandani. Ofisi ikamwachia mke kazi, na nyumba ikaendelea kufuatana na kazi. Kazi ikienda, nyumba imekwenda. Wahamie wapi? Kwa binti yao aliyepanga chumba kimoja na ana watoto watatu? Hilo ndilo lililomkosesha raha Mama Kengele tangu ile barua. Maana ofisa wao, yule waliyemwita Bwana Misitu, alikuja na pikipiki yake akamwambia bila kumung'unya maneno:

"Mama, ukipiga tena bure, mimi sitakuwa na la kukutetea. Utamwaga unga."

"Lakini mto ulinyamaza, baba. Mto ukinyamaza msimu wa mvua..."

"Ulinyamaza kwa sababu watu wa kitalu cha miche kule juu walifunga lango la maji wasafishe mfereji. Ungewapigia simu wangekwambia. Kuanzia leo unawapigia kwanza. Wakisema wamefunga, kengele usiiguse."

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na chuma cha kuipigia. Mumewe ndiye aliyeiweka, na ndiye aliyemfundisha mkewe kila kitu. Kwamba mvua ikinyesha sana milimani, siku nyingine magogo na udongo hujazana mahali pembamba na kuziba njia. Huku chini mto unapungua, watu wanafurahi, wanaingia kuchezea mawe. Kumbe huko juu maji yanajikusanya. Kizibo kikiachia, yote yanashuka kwa mkupuo mmoja. Akamfundisha na namna ya kuhesabu: watu wakishafika kilimani, wapange mstari, wahesabu kwa sauti ya juu, kila mtu asikie namba yake na aitikie. Usihesabu kimoyomoyo, alimwambia, hofu inakula namba.

Sasa basi, Jumamosi hiyo asubuhi Mama Kengele aliinama mtoni anasuuza ndoo, akasikia mtu anakoroga chai. Kijiko kinagonga kikombe, ting, ting, ting. Akainua kichwa. Aliyekuwa anakoroga chai alikuwa kwenye hema la mwisho kabisa, mbali kiasi kwamba siku nyingine ungempigia kelele usisikike. Akatazama maji. Yalikuwa yameshuka chini ya alama ya jana kwa kiasi cha mkono mzima.

Akaacha ndoo palepale, akaenda nyumbani. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza dirishani.

"Umesikia?" mkewe akamuuliza.

"Kinachosikika ni nini tena? Kimya. Milimani imenyesha siku mbili. Piga."

"Nipige tufukuzwe?"

"Piga, mama watoto."

"Wewe unasema piga, barua ikija inasomwa kwa jina langu! Ngoja nipige simu kwanza. Ndivyo walivyosema."

Mumewe hakubishana. Tangu augue aliacha kubishana, na hilo lilimtia mkewe uchungu kuliko ugonjwa wenyewe.

Akapanda ngazi hadi kwenye kisiki, akainua shingo, akampata msimamizi wa kitalu. Bwana yule alikuwa na furaha zake asubuhi hiyo.

"Ndiyo, Mama Kengele! Tumefunga tangu alfajiri, tunasafisha mfereji. Usipige, bwana, utaua watu kwa presha!" Akacheka mpaka simu ikakwaruza.

Ulitegemea ashushe pumzi, sivyo? Na alishusha. Aliteremka ngazi akijisemea basi, yamekwisha, lango limefungwa, mto hauna neno. Akajipa moyo hivyo mpaka ngazi ya katikati. Kutoka hapo unauona mto wote, na akauona.

Wageni wa wiki hiyo walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, watu ishirini na watatu, wamekuja kupumzisha mapafu. Karibu wote walikuwa wameshaingia mtoni na suruali zimekunjwa. Walikuwa wanaokota samaki kwa mikono. Samaki walirukaruka kwenye vidimbwi, watu wanapiga vigelegele, mmoja ameshika kambare anampiga picha. Kiongozi wao, bonge la mtu waliyemwita Mwenyekiti, alikuwa amesimama juu ya jiwe jeupe katikati kabisa, mikono kiunoni.

"Mama!" akaita. "Mbona hukutuambia kwamba mto wenu una siku ya ofa?"

Wakaangua kicheko. Mama Kengele alikuwa anatazama lile jiwe. Miaka ishirini pale, na jiwe lile hakuwahi kuliona. Lango la kitalu likifungwa maji hushuka hadi magotini, hayashuki zaidi, kwa sababu kuna vijito viwili vinavyoingia chini ya kitalu. Leo waliosimama kando ya jiwe hilo maji yaliwafika kwenye kifundo, tena pale penye kina.

Fikiria mwenyewe alivyobanwa. Akipiga na maji yasije, ametenda kinyume cha agizo, simu imepigwa na jibu limetolewa, hana hata neno la kujitetea. Mwisho wa mwezi yeye na mgonjwa wake wako barabarani na magodoro. Asipopiga na maji yakaja, watu ishirini na watatu wako katikati ya mto wanaokota samaki. Alisimama pale ngazini huku miguu inataka kwenda na kichwa hakitaki. Akaanza hata kujidanganya kwamba pengine vijito navyo vimekauka. Msimu wa mvua! Ndipo akajitukana kwa sauti, akashuka mbio, akashika chuma.

Aliipiga ile rimu kama anayeidai kitu. Ndege wakatoka mitini.

"Tokeni mtoni! Wote! Kilimani! Acheni vitu, tokeni!"

"Jamani, kengele ya shule," mmoja akasema.

"Nimesema tokeni!"

Mwenyekiti alimjia, samaki mkononi, uso umebadilika. "Mama, sisi tumeambiwa habari zako. Tulipokuwa tunakuja tuliambiwa kabisa, mkisikia kengele msishtuke, ni mama mwenyewe ana hofu zake. Hebu tulia."

"Baba yangu, nakuomba. Panda kwanza, utanitukana ukiwa juu."

Sijui ni sauti yake au ni machozi yaliyokuwa yamemjaa, lakini Mwenyekiti alimtazama, akageuka na kuwapungia watu wake mkono. Wakapanda shingo upande, wengine pekupeku, wengine wamebeba sufuria ya chai, mmoja hakukubali katakata kumwacha kambare wake.

Juu akawapanga mstari, akafungua daftari la wageni, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, nipo. Mbili, nipo. Akafika ishirini na mbili, mstari ukaisha. Akarudia. Ishirini na mbili.

"Nani hayupo? Tazamaneni, nani hayupo?"

"Mpishi," mtu akasema. "Alikwenda chooni."

Mama Kengele alishuka zile ngazi kwa namna ambayo mtu wa miaka hamsini na sita hatakiwi kushuka. Akapita mbele ya nyumba, akazunguka banda, akagonga mlango wa choo kwa ngumi zote mbili.

"Toka!"

"Nani? Sijamaliza!"

"Utamalizia juu! Toka, mama, maji yanakuja!"

Mpishi, mwanamke mnene wa makamo, alitoka anavuta kitenge, anasonya. Mama Kengele alimshika mkono akamburuta, wakapita tena mbele ya nyumba, wakapanda ngazi wanahema. Juu wenzake walimpokea mpishi kwa makofi na utani usiofaa kuandikwa. Mama Kengele hakucheka. Aliwapanga tena akahesabu upya, kwa sauti ya juu kuliko mwanzo, msitu mzima unamsikia, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kusikia. Ishirini na moja, nipo. Ishirini na mbili, nipo. Ishirini na tatu.

"Nipo," akasema mpishi. "Ingawa sijamaliza."

"Wametimia!" Mama Kengele akapaza sauti. "Wote wametimia!" Akaketi chini.

Ikapita robo saa. Ikapita nusu. Chini mto ulikuwa vilevile, ukanda mwembamba wa maji unametameta kati ya mawe, na jua lilikuwa zuri ajabu. Chai ikaisha. Watu wakaanza kuguna. Mmoja alisimama juu ya kisiki anatafuta mtandao ili apige ofisini, na Mama Kengele alimsikia akiuliza namba ya malalamiko ni ipi. Mwenyekiti alitazama saa yake, akaitazama tena, kisha akajisafisha koo.

"Mama, tukupe dakika ngapi?"

"Kidogo tu, baba."

"Kidogo ni ngapi?"

Moyo wake ulikuwa mtoni. Aliutazama ule mto kwa kuusihi, na hapo, nakwambia ukweli wake wenyewe kama alivyousema baadaye, alijikuta anaomba. Hakuomba watu wasalimike, walikuwa wameshasalimika. Aliomba maji yaje. Njooni, alisema moyoni, njooni basi, msiniaibishe, njooni mbebe kila kitu, mbebe na banda na choo, ila msiniache nifukuzwe. Akaomba hivyo huku amekumbatia daftari.

Mpishi alikuwa ameketi pembeni yake anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Hasira zilikuwa zimemwishia, na alikuwa mtu wa kupenda kuulizauliza.

"Na yule mzee wa pale nyumbani," akasema, "aliyenipa kiberiti jana. Yeye hukaa upande gani? Simwoni."

Mama Kengele aligeuza uso taratibu. Mpishi alisema baadaye kwamba hajapata kuona damu ikimtoka mtu usoni namna ile, utafikiri mtu amefungua bomba chini.

Hakuwa kwenye daftari. Daftari lilikuwa la wageni. Tangu ashike kazi ile, na miaka yote ya mumewe kabla yake, waliopandishwa kilimani ni wageni, mtunzaji hupanda mwenyewe kwa miguu yake. Hakuna aliyewahi kumhesabu mtunzaji. Na mara mbili alikuwa amepita mlangoni pake, mara mbili, akikimbilia mtu wa chooni.

Hakulia. Alitoa sauti tu, akaenda. Mwenyekiti aliuliza, "Nini? Kuna nini?" na mpishi akamjibu kwa neno moja, "Mumewe," na lile bonge la mtu likatupa kila kilichokuwa mkononi likamfuata. Katikati ya ngazi alishampita.

Mzee walimkuta kibarazani, sakafuni, mgongo kwenye kizingiti. Alikuwa amejivuta kutoka kitandani hadi pale. Shati alikuwa amelivaa, kifungo kimoja kimefungwa mahali pasipo pake. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu. Cha kushoto alikuwa amekishika mkononi.

"Shikamoo mzee, nishike shingoni," alisema Mwenyekiti, akamgeuzia mgongo, akamwinua kwa mara moja.

Hapo ndipo upepo ulipokuja, upepo wa baridi unaonuka udongo mbichi, na nyuma yake mngurumo, mwanzoni kama lori lililo mbali, kisha si kama kitu chochote. Walikimbia. Mama Kengele alikuwa nyuma, mikono ameisukumiza mgongoni kwa mumewe, anapiga kelele panda, panda, panda. Watu wa kiwanda walishuka nusu ya ngazi kuwapokea, wakawavuta kwa mikono na nguo. Walipogeuka kutazama, banda la bati lilikuwa linakwenda na maji likiwa limesimama wima. Mahema yakafuata, yote kumi na mbili. Kisha magogo yakafika, likaja moja nene kuliko pipa likagonga kibaraza, na nyumba ikakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, ikafunikwa.

Wakaanza wote kwa pamoja. Walimkumbatia, wengine walilia, aliyekuwa anatafuta namba ya malalamiko alimpigia magoti. Mwenyekiti, matope hadi masikioni, alisema ataandika barua mwenyewe kwa mkono wake, na atakayemgusa mama huyu atakiona cha moto. Mama Kengele alipopanda kwenye kisiki, simu yake ikaita. Alikuwa Bwana Misitu, sauti imempanda, kitalu nacho kimepigwa, lango halipo.

"Watu, mama! Watu wote salama?"

"Wote salama," alisema.

"Mungu akubariki. Nasema, Mungu akubariki. Kazi yako haina mtu wa kuigusa, na nyumba nyingine mtajengewa juu huko, umenisikia?"

Alisikia. Alishukuru kama inavyotakiwa. Kisha akakata simu, akashuka kisikini, akaenda mahali walipomlaza mumewe, chini ya mti, juu ya koti la mtu. Macho yalikuwa wazi. Mama Kengele alipiga magoti, akaanza kufungua kile kifungo ili akifunge mahali pake.

"Nilikusahau," akasema.

"Najua."

"Ngoja nikueleze. Yule mpishi alikuwa chooni, na mimi nikawa..."

"Mama watoto, najua." Alisema kwa ile sauti yake ndogo, bila hasira, na heri angekuwa na hasira. "Nilikuwa nakusikia unavyohesabu. Nikasema moyoni, anahesabu vizuri, namba zinasikika. Nikavaa kiatu kimoja nikawa nakusubiri. Halafu nikakusikia unasema wametimia."